Fundi, kasi ndogo nayo ni bidhaa: mashine ya kurushia watoto mipira ya besiboli

Leo naleta kazi ambayo maseremala na mafundi wa kuchomelea wengi hawajaifikiria: mashine ndogo ya kurushia watoto mpira ili wajifunze kupiga besiboli. Haina mota, haili umeme, na vifaa vyake vingi utavikuta kwa fundi baiskeli. Mimi nina karakana ndogo hapa Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini. Kazi zangu za kila siku ni madawati, milango na stuli. Mashine hii nimeiongeza kwenye orodha, na leo nakueleza inavyobuniwa, inavyopimwa na inavyopigiwa bei.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Anayelipa ni mwalimu au mzazi, lakini mteja wako halisi ni mtoto wa miaka minane aliyeshika gongo anasubiri mpira. (Gongo la mbao, siyo ile ya kunywa.) Kila kipimo cha mashine hii kinatoka kwa huyo mtoto.

SOKO LIPO WAPI?

Besiboli ni mchezo mgeni kwetu, ila upo. Kuna chama cha taifa, TaBSA, na shule za sekondari hushindana kitaifa. Mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wa besiboli pale Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani. Majirani zetu wametutangulia: mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series kule Marekani.

Kwa asiyeujua mchezo, mweleze hivi: mmoja anarusha, mwenzake anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Wasichana wetu waliocheza rede wataelewa haraka. Kwenye rede unausoma mpira ili uukwepe. Kwenye besiboli unausoma mpira uleule ili uupige.

Sasa, usijidanganye kwamba utauza mashine mia kwa timu za besiboli. Timu ni chache. Soko la mtu mdogo kama mimi na wewe ni pana zaidi ya hapo: shule inayotaka mchezo mpya, bonanza, bethidei, hoteli zinazopokea familia, na siku za sikukuu ambapo unaweka kibanda, mtoto anapiga mipira mitano kwa shilingi mia tano. Mashine ni moja, milango ya kuingiza hela ni mitatu: kuuza, kukodisha, na kuiendesha mwenyewe.

KWA NINI MASHINE, WAKATI MKONO UPO?

Mtu anayejifunza kurusha hawezi kumfundisha mtu anayejifunza kupiga. Mpira mmoja utapita juu ya kichwa, wa pili utadunda chini, wa tatu utampiga mgongoni. Mtoto akirushiwa mipira kumi na kupata miwili tu ya kupigika, anachoka na gongo analiweka chini. Mashine inarudia jambo lilelile: mahali palepale, kasi ileile. Hapo ndipo mtoto anajifunza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1897, Charles Hinton, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Princeton, Marekani, alitengeneza mashine ya kurusha mpira wa besiboli kwa baruti. Ndiyo, baruti kama ya bunduki. Ile ilikuwa ya kuwapa mazoezi wachezaji wakubwa. Kwa mtoto tunafanya kinyume chake kabisa: tunatafuta nguvu ndogo inayotosha, halafu tunaifunga isizidi.

ANZA NA JICHO LA MTOTO

Mrushaji wa kulipwa hurusha mpira kwa kilomita 150 kwa saa au zaidi. Mpigaji anabaki na kama sekunde 0.4 tu za kuona, kuamua na kuzungusha gongo. Mtoto anayeanza umpe karibu mara mbili ya muda huo.

Mimi nimechagua kilomita 40 kwa saa, umbali wa mita 8. Mpira unafika baada ya sekunde 0.77 hivi. Kwa wadogo zaidi nasogeza mashine hadi mita 6 na kushusha kasi hadi kilomita 30. Mpira unafika baada ya sekunde 0.8.

Hapa kuna jambo ambalo fundi asipolijua atashangaa. Mpira wa polepole hauendi moja kwa moja, unaanguka njiani. Kwa kilomita 40 na mita 8, lazima uurushe ukipanda nyuzi 20 hivi, upande kama sentimita 75 juu ya pale ulipotokea, kisha ushuke ufike kiunoni kwa mtoto. Kwa kilomita 30 na mita 6, ni nyuzi kama 29. Kwa hiyo kasi na pembe ni ndugu: ukibadilisha kimoja, kingine nacho lazima ukiguse.

Kingine ni uzito wa pigo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mpira ukimgonga mtu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mpira nao una uzito wake: wa besiboli halisi ni gramu 142 hadi 149, na ni mgumu. Mpira wa tenisi ni gramu 56 hadi 59, na unabonyea. Kwa kasi ileile, wa besiboli unagonga kwa nguvu mara mbili na nusu ya ule wa tenisi. Kwa hiyo mashine ninayoieleza hapa ni ya mipira ya tenisi. Mtoto akishajua kupiga, na timu ikiwa na helmeti za besiboli, huko ni hatua nyingine na mashine nyingine.

MAGURUDUMU AU MKONO?

Mashine nyingi za dukani hutumia magurudumu mawili yanayozunguka, mpira unapitishwa katikati unatupwa mbele. Ni nzuri, lakini tazama hesabu. Ili mpira utoke na kilomita 40 kwa saa, gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 lizunguke kama mara 1,060 kwa dakika. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,400 ukiifunga moja kwa moja inatoa kilomita 53. Ukichukua ya mizunguko 2,800, unafika 105. Yaani mtu akibadilisha mota tu, kifaa cha watoto kimekuwa cha watu wazima, na kwa nje kinaonekana vilevile. Ongeza na umeme kukatika, na mvua zetu za huku milimani.

Mkono wa kufyatua ni rahisi zaidi, na una faida moja kubwa: mtoto anauona ukiinuka kabla mpira haujatoka, kama anavyouona mkono wa mtu. Ncha yake naipaka rangi nyekundu. Mtoto anajifunza "nyekundu ikipanda, jiandae".

SEHEMU ZAKE, MOJA MOJA

1. Kitako. Mbao mbili kwa nne au skwea paipu ya inchi moja, upana sentimita 60, urefu 80. Weka sehemu ya kulaza mfuko wa mchanga. Mashine nyepesi inaruka kila ikifyatua, na ikiruka mpira unapotea njia.

2. Ekseli. Habu ya gurudumu la mbele la baiskeli. Tayari ina gololi, tayari inazunguka laini, na fundi baiskeli anakuuzia iliyotumika. Ifunge kwenye fremu mita 0.3 kutoka chini, au zaidi kidogo kwa wanafunzi warefu.

3. Mkono. Mbao kavu ya mkaratusi, urefu sentimita 60, nyuzi zimenyooka, bila fundo hata moja. Iwe nyepesi. Hesabu ya juu juu: mpira wa tenisi kwa kasi yetu unahitaji nishati ya juli 3.6 tu, lakini mkono wa gramu 300 unakula kama 6 kwa kujizungusha wenyewe. Kila gramu unayoipunguza kwenye ncha inakurahisishia kazi na inapunguza hatari.

4. Kikombe. Kipande cha bomba la plastiki la inchi tatu, kimo sentimita 3. Mpira wa tenisi una kipenyo cha sentimita 6.5 hadi 6.9, unakaa vizuri. Usikifanye kirefu, maana mpira utasugua ukingo na kwenda kombo. Toboa tundu chini maji ya mvua yatoke.

5. Nguvu. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliokatwa mikanda kama ya manati. Nani huku hakucheza manati? Ni kanuni ileile. Funga mikanda kwenye mkono, sentimita 15 kutoka kwenye ekseli. Mkono ukivutwa nyuma nyuzi 70, mikanda inavutika kama sentimita 18. Mvuto wa wastani wa kilo 5 hadi 6 unatosha kwa makadirio, ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu.

6. Kizuizi. Huu ndio moyo wa mashine. Ni nguzo imara ya kulala, imefunikwa kipande cha tairi la gari, inayousimamisha mkono ghafla ili mpira uendelee peke yake. Pembe ya mpira inaamuliwa hapa. Mkono ukisimamishwa ukiwa wima kabisa, mpira unatoka sambamba na ardhi. Ukisimamishwa bado umelala nyuma nyuzi 20, mpira unatoka ukipanda nyuzi 20. Weka matundu matatu ya kusogeza kizuizi, yaandike namba kwa rangi.

7. Kifyatulio. Komeo la geti lenye kamba ya mita 3, ili anayefyatua asimame nyuma na pembeni. Ongeza pini ya pili ya usalama: bila kuichomoa, kamba haifanyi kitu.

8. Kinga. Ubao au wavu wa chuma pande zote mbili, ili mkono wa mtu usiingie njia ya mkono wa mashine. Ajali inayokuja haraka zaidi haitokani na mpira, inatokana na kidole cha anayepakia. Utaratibu ni huu: vuta mkono nyuma, funga komeo, ingiza pini, NDIPO uweke mpira.

9. Kikomo. Mikanda inafungwa kwenye mnyororo wenye pete tatu tu, kwa kasi tatu. Pete ya mwisho nimeichomelea kwenye fremu. Hakuna ya nne. Kasi ifungwe na chuma, isifungwe na maneno ya "jamani msikaze sana".

KUPIMA BILA KIFAA CHA GHALI

Simu yako inatosha. Pima mita 8 kwa futi kamba, simamisha simu pembeni, rekodi video ya picha 30 kwa sekunde. Hesabu picha kuanzia mpira unapoachia kikombe hadi unapofika alama ya mpigaji. Kwa kasi yetu utapata kama 23. Ukipata chini ya 20, mashine inaenda haraka mno, legeza.

Kisha pima kurudia. Tundika gunia, chora kwa chaki mraba wa sentimita 60, kati ya goti na kifua cha mtoto. Rusha mipira 20. Kwenye karakana yangu, mashine haitoki nje mpaka 18 iingie ndani ya mraba. Ikitawanyika kushoto na kulia, kaza habu na ongeza mchanga. Ikitawanyika juu na chini, angalia mikanda, maana pengine mmoja umechoka kuliko mwenzake.

Sisi wa milimani tuna mambo mawili ya ziada. La kwanza ni baridi. Mpira wa ndani ukipoa huwa mgumu na huvuta tofauti, kwa hiyo asubuhi ya Juni ukungu ukiwa umetanda, rusha mitano ya majaribio kabla mtoto hajasimama. La pili ni mteremko. Irente sehemu tambarare ni za kutafuta, na mpira ukishika bonde umeaga. Mpigaji akae upande wa bondeni, apige kuelekea mlimani. Mpira uliopigwa unarudi wenyewe. Nyuma yake tundika wavu wa kitalu cha miche kukamata ile aliyoikosa. Pembe ipime upya hapohapo, usitegemee ile ya karakanani.

Mikanda ibadilishwe kabla haijakatika. Ukiona nyufa ndogo kama za soli ya kiatu cha zamani, itoe. Mashine ikimaliza kazi, legeza mikanda na uifunike; jua linaiua mapema.

BEI: USIUZE MBAO, UZA KAZI

Nakupa mfano wa hesabu, wewe weka bei za kwenu. Tuseme vifaa vimekula 70,000. Kazi ni siku 3, siku moja unajilipa 20,000, hiyo ni 60,000. Nauli, umeme wa kuchomelea na kodi ya karakana, 15,000. Umefika 145,000. Sasa weka 15,000 ya matengenezo, maana utaitwa kubadilisha mikanda na utakwenda. Gharama yako ya kweli ni 160,000. Ukiongeza faida ya robo, 40,000, bei ni 200,000.

Wengi wetu tunaishia kwenye 70,000, tunaongeza kidogo, tunasema tumepata. Hujapata, ndugu yangu, umefanya kibarua kwa hasara.

Ukikodisha kwa 10,000 kwa siku, toa 2,000 ya mikanda na mipira iliyopotea, unabaki na 8,000. Siku 20 za kukodisha zinarudisha ile 160,000. Kwa hiyo kabla hujatengeneza ya kukodisha, jiulize: kwa mwaka nitapata siku 20 kweli? Kama jibu ni "labda", tengeneza ya oda kwanza, kwa malipo ya awali ya nusu. Ukiweka kibanda cha kuiendesha mwenyewe, anza kwa kuomba ruhusa ofisi ya kijiji, na mtu mzima awepo kwenye kamba muda wote.

OMBI UTAKALOLIPATA

Kuna mwalimu wa michezo alikuja karakanani kuchukua mbili kwa mpigo. Akaijaribu, akaipenda, kisha akasema:

"Fundi, hii nzuri, ila kwa wale wangu wakubwa ni polepole. Niongezee tu pete moja hapo kwenye mnyororo."

"Mwalimu, hiyo pete sitaiweka."

"Si nakulipa? Nitakuwepo mwenyewe nikiiendesha."

"Leo utakuwepo. Kesho utampa ufunguo mwingine, naye atakuta pete nne, ataivuta hadi ya nne na mbele yake amesimama wa darasa la pili. Mashine haiwezi kujua nani yuko mbele yake. Kama unataka ya wakubwa, nitakutengenezea nyingine, rangi tofauti, na helmeti ziwepo kwanza."

Akasema ataenda kufikiria. Hajarudi. Kwa mfano wetu wa bei, hapo laki nne zimetoka mlangoni, na mwezi ule zingenisaidia sana. Siwezi kukuambia Mungu akanilipa kwa mteja mwingine mkubwa zaidi, maana hakuja. Nilichobaki nacho ni mashine ambayo naweza kumkabidhi mtu yeyote nikarudi nyumbani kulala.

Nakusimulia hili kwa sababu na wewe litakukuta, hata kama hutengenezi mashine hizi. Fundi wa ngazi ataambiwa apunguze vidato. Fundi wa vitanda vya watoto ataambiwa aache nafasi kubwa kati ya fito ili mbao zipungue. Mteja anayeomba hivyo mara nyingi si mtu mbaya, anaangalia mfuko wake au haraka yake. Wewe ndiye unayejua kitakachotokea mbao ikishatoka karakanani. Elewaneni bei kadiri mtakavyoweza, lakini kile kinachomlinda mtumiaji kisiwe sehemu ya mazungumzo ya bei.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: tafuta habu ya baiskeli, mpira wa ndani mmoja na mpira wa tenisi mmoja. Tengeneza mkono na kizuizi tu kwanza, vifunge kwenye benchi lako la kazi, na uhesabu picha kwenye simu. Ukishaona 23, ndipo ununue mbao za kitako. Mtaji mdogo, jibu la mapema.

Mwenye swali la kipimo aulize hapa chini, nitajibu jioni nikifunga kazi. Na wewe fundi mwenzangu, tuambie: ni ombi gani la mteja uliwahi kulikataa, na uliligharamia kiasi gani?